Mguu mmoja, vyuma viwili: kimoja kilitolewa, kingine kikaachwa

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa zabibu upande wa Hombolo. Alifika kliniki ya mifupa mjini Dodoma mwaka 2023 akiwa na tundu dogo katikati ya muundi wa kushoto. Lilikuwa likitoa usaha, linafunga, linakaa wiki kadhaa kama limepona, halafu linafunguka tena. Ndani ya mguu huohuo kulikuwa na vyuma viwili vilivyowekwa baada ya ajali ya mwaka 2012: bamba lenye skrubu kwenye muundi, na msumari mrefu ndani ya mfupa wa paja. Ombi lake lilikuwa fupi: "Dokta, toa vyote. Vimekaa mno."

Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Swali lake nimeliacha lilivyo, kwa sababu ndilo swali la karibu kila aliyewahi kuwekewa vyuma: vikishakaa miaka, si vinatakiwa kutoka? Kisa hiki kinafaa kulijibu kuliko visa vingi. Vyuma viwili vya umri mmoja, kwenye mguu wa mtu mmoja, vilipata hukumu tofauti. Kama miaka ndiyo ingekuwa sababu, vingetoka vyote au vingebaki vyote.

Ajali na matibabu ya kwanza

Alikuwa amepakizwa kwenye bodaboda, ikagongwa na gari dogo kwenye barabara ya Morogoro. Mfupa wa paja ulivunjika lakini ngozi haikuchanika. Muundi nao ulivunjika, na ncha ya mfupa ikatokeza nje, ikaingia vumbi la barabarani. Msomaji aikumbuke tofauti hiyo, maana mengi ya baadaye yametokana nayo.

Hospitali ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilisafisha kidonda na kumfunga antena, yaani vile vyuma vya nje vinavyoshikilia pini zilizopenya ngozi hadi mfupani. Paja likapigwa msumari wa ndani. Wiki kama saba baadaye, kidonda kikiwa kimekauka, antena ilitolewa, akawekewa bamba kwenye muundi.

Hapo tayari kulikuwa na mbegu ya shida. Matundu ya pini ni mlango wa vijidudu, na kadiri pini zinavyokaa ndivyo hatari inavyopanda mtu akibadilishiwa antena kwa chuma cha ndani. Wapasuaji wengi hupenda mabadiliko hayo yafanyike ndani ya wiki mbili za kwanza, la sivyo pini zitolewe, matundu yapone kwanza, ndipo chuma cha ndani kifuate. Sina lawama kubwa kwa aliyefanya uamuzi ule. Mfupa uliotoka nje, foleni ya thieta, vifaa vinavyopatikana leo na kesho havipo: watu hufanya wanachoweza.

Ninachokilaumu ni karatasi. Mgonjwa aliruhusiwa kwenda nyumbani bila maandishi yoyote yanayosema amewekewa chuma gani, cha ukubwa gani, chenye skrubu za aina gani. Picha za eksirei alipewa, akazihifadhi chini ya godoro kwenye nyumba ya bati, na joto likazigandisha hadi hazikusomeka. Kwa mtu aliyepona, karatasi hiyo ni uchafu wa kabati. Siku chuma kinapotakiwa kutoka, ndiyo inayoamua kama upasuaji utachukua saa moja au nne.

Alipona, kwa maana ya kutembea. Akarudi shambani, akapogoa, akavuna mara mbili kwa mwaka kama wenzake wa zabibu, na kila baridi ya Juni na Julai alilalamika kuwa muundi unamuuma. Wengi wenye vyuma husema hivyo upepo wa Dodoma unapoanza, na peke yake si dalili ya kutisha.

Usaha unatoka wapi baada ya miaka minane?

Mnamo mwaka 2020 maumivu yalibadilika tabia. Yakawa ya usiku, muundi ukavimba na kuwa wa moto ukiushika. Akaenda duka la dawa, akapewa kapsuli, uvimbe ukapoa. Miezi michache baadaye ukarudi, ukaiva kama jipu, ukapasuka. Kapsuli tena. Mganga wa jirani akafunga majani na kusema chuma kimechoka, kinaoza.

Chuma hakikuoza. Vyuma vingi vya mifupa vinavyotumika kwetu ni chuma cha pua cha daraja linaloitwa 316L, chenye kromiamu asilimia 17 hadi 19, nikeli na molibdenamu kidogo. Kromiamu hujenga ngozi nyembamba sana juu ya chuma inayozuia kutu. Pale kichwa cha skrubu kinaposuguana na bamba kwa miaka, ngozi hiyo hukwanguka na nyama ya karibu huweza kugeuka ya kijivu au nyeusi. Mpasuaji huliona hilo mara kwa mara. Usaha lakini hauletwi na chuma chenyewe. Huletwa na vijidudu.

Na vijidudu hivi huenda vilikuwepo tangu siku ya ajali, au viliingia kupitia matundu ya pini. Chuma hakina mishipa ya damu. Kijidudu kikitua juu yake hushikana na wenzake, wakajifunika utando, na ndani ya utando ule huishi kwa kujinyima, hawazaliani kwa kasi, dawa haiwafikii vizuri, na askari wa mwili hawapenyi. Ni kama ute unaoganda kwenye kuta za simtanki: unaweza kubadilisha maji kila wiki, ute uko palepale mpaka mtu aingie na brashi. Kapsuli za dukani zilikuwa zikibadilisha maji. Ziliua vijidudu vilivyojitenga na utando, homa ikashuka, tundu likafunga, na mgonjwa akaamini dawa imefanya kazi. Miaka mitatu ilipita hivyo.

Ipo pia njia nyingine: maambukizi ya mahali tofauti mwilini, jipu la ngozi kwa mfano, husafiri kwa damu na kutua kwenye chuma kilichotulia miaka mingi. Kwa mgonjwa huyu, ukikumbuka mfupa uliotoka nje na antena ya wiki saba, sioni haja ya kwenda mbali.

Kwa nini muundi na si paja? Paja limezungukwa na misuli minene yenye damu nyingi. Muundi kwa mbele umefunikwa na ngozi tu. Ukijigusa sasa hivi utausikia mfupa. Kidonda cha pale hupona kwa shida, na bamba la pale halina blanketi.

Kliniki

Mpwa wake ndiye aliyemleta, na ndiye aliyeongea zaidi. Daktari bingwa alikuwa dada wa makamo, akaamkia, "Shikamoo mzee wangu," akaweka kiti karibu na kuushika mguu kabla hajauliza lolote. Napenda daktari wa namna hiyo. Kijiti cha chuma kilichoingizwa taratibu kwenye tundu kiligonga kitu kigumu, na mlio wake ulisikika. Tundu linalofika kwenye chuma au mfupa linatosha kuthibitisha maambukizi ya mfupa uliovunjika. Vipimo vya damu vinasaidia tu kupima ukali na kufuatilia maendeleo. Alipimwa pia sukari na VVU, kwa kuwa kidonda kisichopona kinaweza kuwa na mkono mwingine nyuma yake. Vyote vilikuwa sawa.

Kisha eksirei, za mbele na za ubavuni, kuanzia nyonga hadi kifundo. Muundi ulionyesha bamba la matundu kumi lenye skrubu nane. Skrubu mbili za juu zilikuwa na kivuli cheusi kuzizunguka, maana yake zimelegea. Moja ya katikati ilikuwa imekatika, kichwa upande mmoja, ncha imebaki ndani ya mfupa.

Lakini swali la kwanza la daktari halikuwa skrubu. Alitaka kujua mfupa umeunga au haujaunga. Hili ndilo linalosahaulika watu wanapodai vyuma vitolewe haraka kwa sababu vinatoa usaha. Bamba lenye vijidudu bado linashikilia. Ukilitoa wakati mfupa haujaunga, mguu unaning'inia, na utalazimika kurudi kwenye antena huku maambukizi yakiendelea. Kanuni ya kawaida ni kuhesabu kingo nne za mfupa kwenye picha mbili. Zikiwa zimeunga angalau tatu, mfupa unaweza kusimama. Zake zilikuwa zimeunga zote nne. Kwa hiyo bamba lilikuwa limemaliza kazi yake, na kilichobaki kwake ni kuwa maskani ya vijidudu. Litoke.

Paja lilikuwa hadithi nyingine. Mfupa umeunga, msumari umekaa sawa, skrubu mbili juu na mbili chini, hakuna kivuli cheusi popote. Paja haliumi, halijavimba, nyonga inazunguka bila shida.

"Huo tunauacha," daktari akasema.

Mzee hakuridhika. "Mwanangu, mnipasue mara moja mmalize. Mkija kuutoa ukiwa umeshika zaidi?"

Hoja yake si ya kijinga. Msumari uliokaa miaka huotewa na mfupa pale juu unapoingilia, na kuutoa baada ya miaka ishirini ni kazi kuliko baada ya miwili. Upo pia upande wa madaktari wanaoona kijana mwenye msumari mrefu wa paja atolewe mapema, kwa sababu akija kuhitaji nyonga bandia uzeeni, msumari utakuwa kizuizi. Kwa mtoto hali ni tofauti zaidi: mfupa unakua na kukimeza chuma, kwa hiyo vyuma vya watoto mara nyingi hutolewa miezi 6 hadi 12 baada ya kuwekwa.

Mzee huyu si kijana wala mtoto, na nyonga yake ni nzima. Upande wa pili wa mizani ulikuwa mzito. Kutoa msumari kunahitaji kufungua misuli ya nyonga, kukwangua mfupa ulioota juu yake, kufunga kifaa cha kuuvuta kwenye nyuzi, kama za skrubu, za ncha yake na kuupiga kurudi nyuma. Unaweza kung'ang'ania. Unaweza kukatika. Paja linaweza kupasuka. Zaidi ya yote, kufungua paja safi siku ileile na thieta ileile ambayo muundi wenye usaha uko wazi ni kuvipeleka vijidudu mahali ambapo havijawahi kufika. Hata kama angekuwa na sababu ya kuutoa, isingekuwa siku hiyo. Kwangu hoja hii ya mwisho inatosha peke yake.

Kulitafuta bamba lisilo na jina

Daktari alimsimamishia dawa zote za vijidudu kwa wiki mbili kabla ya upasuaji. Mpwa alishangaa: mgonjwa ana usaha, mnamnyima dawa? Ndiyo, maadamu hana homa kali wala dalili za sumu kuingia kwenye damu. Dawa ikiwa mwilini, maabara huotesha sampuli na kukosa kitu, na mgonjwa ataishia kutibiwa kwa kubahatisha, kama alivyotibiwa miaka mitatu.

Wiki hizo mbili zilitumika pia kutafuta vifaa. Skrubu za kawaida za milimita 4.5 zinafunguliwa kwa bisibisi ya pembe sita ya milimita 3.5. Zipo skrubu za kisasa zinazojifunga kwenye bamba lenyewe, na nyingi kati ya hizo zina kichwa chenye umbo la nyota. Ukienda na bisibisi isiyo yake, utakula kichwa cha skrubu hadi kiwe duara, na hapo umejiongezea tatizo. Kutokana na picha, bamba lilionekana la aina ya zamani, lakini picha haionyeshi umbo la kichwa kwa uhakika. Ziliandaliwa zote mbili, pamoja na vifaa vya skrubu zilizoharibika: kitoa skrubu chenye nyuzi za kinyume, na msumeno wa duara wenye uwazi katikati unaokata mfupa kuzunguka skrubu iliyokatika. Haya yote yangekuwa mstari mmoja kwenye kadi ya mwaka 2012.

Msumari wa paja, kwa kulinganisha, ungeweza kufuatiliwa kwa urahisi zaidi. Umbo lake lilifanana na misumari ya SIGN, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, ambalo hutoa misumari isiyo na uwazi katikati, yenye kifaa cha kuelekeza skrubu bila kutumia mashine ya eksirei ndani ya thieta. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoitumia. Wapasuaji wa mpango huo huingiza kila upasuaji na picha zake kwenye kumbukumbu ya shirika. Mambo ya kumbukumbu yanawezekana, kumbe, mtu akiamua.

Thieta

Alichomwa ganzi ya mgongo, na mguu ukainuliwa juu ili damu ishuke kabla ya kufungwa mpira wa paja. Haukukamuliwa kwa bendeji, kwani kukamua mguu wenye usaha kunaweza kuusukuma usaha kwenye mishipa. Tundu lilikatwa pamoja na njia yake yote, na kipande kikapelekwa maabara ya magonjwa ya nyama. Tundu la usaha lililokaa miaka mingi linaweza, mara chache, kugeuka saratani ya ngozi. Majibu yake yalikuja safi.

Sampuli tano zilichukuliwa sehemu tano, kila moja kwa kifaa chake, ndipo dawa ya mshipa ikaanza. Kwa nini tano? Kijidudu kimoja kwenye sampuli moja kinaweza kuwa kimetoka kwenye ngozi au glavu. Kikitokea kilekile kwenye mbili au zaidi, ni chenyewe.

Vichwa vya skrubu vilikuwa na mfupa na nyama ndani ya mashimo yake. Vilichokonolewa kimoja kimoja mpaka bisibisi ikae hadi chini na kugongwa kidogo kwa nyundo kabla ya kuzungushwa. Subira ya dakika hizo ndiyo inayookoa vichwa. Skrubu sita zilitoka. Ya saba ikaliwa kichwa, ikatolewa kwa kile kifaa cha nyuzi za kinyume. Ile iliyokatika ilichukua muda kuliko nyingine zote pamoja. Mahali pasipo na maambukizi, ncha kama ile ingeachwa tu, haina madhara. Hapa kila kipande ni maskani, kwa hiyo mfupa ulikatwa kuizunguka hadi ikatoka.

Chini ya bamba kulikuwa na kipande cha mfupa mfu, cheupe kisicho na damu. Kilichongwa mpaka mfupa wenyewe ukaanza kutoa vitone vya damu, dalili kwamba umefikia ulio hai. Pakaoshwa kwa maji mengi ya chumvi, na kwa bahati ngozi ikafika kufunga. Ingekataa, angehitaji msuli wa kuhamishwa kutoka nyuma ya mguu, na hapo hesabu ya kulazwa ingebadilika kabisa.

Sampuli nne kati ya tano ziliotesha Staphylococcus aureus. Dawa zikachaguliwa kufuata majibu hayo, na zikaendelea kwa wiki sita.

Baada ya chuma kutoka

Watu wengi hudhani chuma kikitoka mguu uko huru. Kwa miezi ya mwanzo hali ni kinyume. Chuma cha pua ni kigumu kama mara kumi ya mfupa. Kwa miaka kumi na moja bamba lilibeba sehemu ya mzigo, na mfupa chini yake ukapungua uimara kwa kukosa kazi. Ongeza mashimo manane ya skrubu, moja likiwa pana zaidi kwa kukatwa na msumeno. Mguu wa namna hiyo hauvunjiki kwa kutembea polepole. Unavunjika kwa kujipinda, mtu akiteleza kwenye tuta la shamba huku ameibeba ndoo.

Kwa hiyo alipewa magongo, wiki sita za kukanyaga nusu uzito, kisha uzito kamili. Kupanda ngazi, kubeba mizigo na kushika jembe vilikatazwa hadi mwezi wa nne baada ya upasuaji, picha ikionyesha mashimo yameanza kujaa. Hapa ndipo palipokuwa na ugomvi wa kweli, maana ratiba ya kupogoa haisubiri mashimo. Mpwa alichukua shamba msimu mmoja, kwa masharti ambayo mjomba na mpwa wanayajua wenyewe.

Tundu lilifunga na hadi mwezi wa nne halikufunguka. Vipimo vya damu vilishuka. Hakuna aliyemwambia amepona moja kwa moja, kwani maambukizi ya mfupa yana tabia ya kurudi hata baada ya miaka. Goti lake bado halikunji hadi mwisho, na mzee anaamini ni msumari wa paja unaolizuia. Goti lililopitia mivunjiko miwili juu na chini yake hukakamaa kwa makovu. Dawa yake ni mazoezi, ambayo anayafanya akikumbushwa.

Safari hii aliondoka na kadi. Imeandikwa kilichotolewa, kijidudu kilichopatikana na dawa zilizotumika, na kwamba paja lina msumari unaofanana na wa SIGN. Chini yake daktari ameorodhesha yatakayofungua upya suala la msumari huo: maumivu ya paja yasiyo na maelezo, joto au uvimbe, skrubu kulegea au chuma kukatika kwenye picha, au nyonga kuhitaji kubadilishwa. Mzee aliisoma akauliza mbona miaka haimo kwenye orodha. Akajibiwa kwamba haimo, arudi baada ya miezi sita na picha mpya ya muundi, na tundu likifunguka kabla ya hapo aje moja kwa moja hospitali bila kupitia duka la dawa.